Bolti ya Breki Imegoma: Namna ya Kuilegeza Bila Kuikata

Bolti za breki za pikipiki zinakaa mahali pabaya. Tairi linazirushia maji na matope, pedi zinazimwagia vumbi, na diski inazipasha moto na kuziacha zipoe kila mara unaposhika breki. Kisha siku ya kubadilisha pedi, moja kati ya hizo inakataa kutoka. Hapo wengi hukimbilia bomba la kurefushia spana. Bomba linaongeza nguvu, lakini halikwambii bolti imeshikwa na nini, na kwenye breki vitu vingi ni vidogo: skrubu ya milimita 4 au nipeli ya kutolea upepo yenye tundu katikati hukatwa na mkono wa mtu yeyote, hata bila bomba.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: bolti hii imeshikwa na nini? Jibu ndilo litakalokuchagulia dawa.

Itazame kabla ya kuishika

Kutu ya kahawia inamaanisha chuma kimekaa ndani ya chuma. Utaikuta kwenye nati ya ekseli, kwenye fimbo ya breki ya ngoma na kwenye bolti ya mkono wake. Hii inakubali mafuta ya kupenya, kugongwagongwa na subira.

Unga mweupe ni habari nyingine. Kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye usukani) na miguu ya shokapu za mbele kwa kawaida ni alumini, na bolti zake ni chuma. Maji yenye chumvi yakiingia kati ya metali hizi mbili, alumini ndiyo inayoliwa, na unga unaozaliwa unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyopotea. Bolti inajikuta imebanwa pande zote. Mafuta hupita hapo kwa shida. Kinachosaidia ni joto, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara 2 ya chuma kwa joto lile lile, na tundu hulegea kuliko bolti inavyonenepa.

Sababu ya tatu ni gundi ya nyuzi, ile inayopakwa ili bolti isijilegeze. Bolti za diski karibu zote hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa. Utaijua kwa namna inavyozunguka: bolti ya kutu hupiga kelele mara moja kisha ikaachia, ila ya gundi huwa nzito tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiimwagia mafuta unapoteza mafuta tu. Dawa yake ni joto.

Na kuna bolti ambayo haijashika kabisa, tatizo ni kichwa chake. Skrubu za kifuniko cha masta silinda ndizo mfano mkuu. Zimekazwa kidogo tu, lakini alama yake ya nyota imejaa uchafu, na bisibisi iliyotumika si ya saizi yake.

Vifaa, na kusafisha tundu

Soketi iwe ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hushika bolti kwenye ncha tu, na ncha ndizo zinazolika. Spana ya ringi ni bora kuliko ya mdomo wazi. Kwa bolti za alenki, zenye tundu la pembe 6 kichwani, tumia biti ya alenki inayovaa kwenye mpini wa soketi, yenye ncha zilizo kali bado. Ufunguo wa alenki wenye kichwa cha mviringo uuweke mbali kabisa: umeundwa kuzungusha bolti iliyokwisha kulegea.

Skrubu za nyota kwenye pikipiki za Kijapani zinastahili kuangaliwa mara mbili. Zinafuata kipimo cha Kijapani, JIS, na nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips inafanana nayo kwa macho, lakini haifiki chini ya tundu, hivyo hupanda na kuruka ukiongeza nguvu. Bisibisi ya JIS inakaa hadi chini. Ni kifaa kidogo, na kinaokoa skrubu nyingi kuliko kopo lolote la mafuta.

Kisha safisha. Brashi ya waya kwa nyuzi zinazoonekana, na sindano nene au msumari mwembamba kwa tundu la alenki au la nyota. Chokoa mpaka chini. Ufunguo ukisimama juu ya tope lililokauka, unashika nusu ya kina tu, na nusu hiyo ndiyo itakayolika. Ukimaliza, weka ufunguo na uugonge kichwani mara mbili tatu kwa nyundo ndogo. Unaukalisha vizuri, na wakati huohuo unaitikisa bolti.

Kabla ya kuendelea, usalama wa aina tatu ambao hauna mjadala. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo. Viatu vya breki ya ngoma na pedi vya zamani huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie moto wala chuma cha moto kabisa, kwa kuwa mvuke wake ukiungua hutoa fosjini, gesi ya sumu kali. Na mafuta ya kupenya yasifike kwenye pedi wala diski. Ukipuliza kopo karibu na kalipa iliyofungwa, ukungu wake utafika. Mimina kidogo kwenye kofia ya kopo na upake kwa brashi ndogo, ukiwa umefunika diski kwa kitambaa.

Legeza wakati bado imefungwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Kalipa ikishatoka kwenye shokapu, unabaki umeishika mkononi huku ukipambana na pini iliyogoma, na hakuna kinachoizuia isizunguke. Pikipiki yenyewe ndiyo jiliwa lako. Ukiwa hujatoa chochote, legeza pini za pedi robo mzunguko, halafu bolti za kufungia kalipa, halafu nati ya ekseli ikiwa gurudumu linatoka. Bolti ya banjo, ile inayopitisha mafuta ya breki kutoka kwenye paipu, nayo uivunje ukaidi hapo hapo kisha uikaze kidogo isivuje hadi utakapoihitaji.

Kwa nati ya ekseli ya nyuma, mwombe mtu akanyage breki, magurudumu yote yakiwa chini na pikipiki ikiwa imeshikwa imara. Kwa ekseli ya mbele, chunguza kwanza chini ya mguu wa shokapu: aina nyingi zina bolti ndogo za kubania ekseli, na usipozilegeza utadhani ekseli imeota mizizi.

Jambo moja la pembeni linalohusu masta silinda. Kwenye pikipiki nyingi za Yamaha, kioo cha kulia kina nyuzi za kinyume, na kinaingia kwenye kibanio kilekile kinachoishikilia masta silinda kwenye usukani. Ukikilegeza kwa mazoea unakikaza, na kibanio cha alumini hupasuka.

Mafuta, nyundo, mbele na nyuma

Kwa kutu ya kawaida, paka mafuta ya kupenya mahali nyuzi zinapoingia, gonga kichwa cha bolti wima kwa mapigo mafupi, ngoja, paka tena. Usiku mzima ukipatikana, uache upite. Mafuta hayavunji kutu kwa miujiza. Yanatambaa kwenye nyufa ndogo, na mapigo ya nyundo ndiyo yanayofungua nyufa hizo. Mmoja bila mwenzake ni nusu ya kazi.

Ukianza kuzungusha, vuta kwa mkono mmoja uliotulia, karibu na kichwa cha bolti, mkono wa pili ukiisukuma soketi ndani. Bolti nene ya kalipa au nati ya ekseli inayokataa kabisa ijaribu kwanza upande wa kukaza, kiasi kidogo mno. Mara nyingi ukoko wa kutu hupasuka upande huo. Ikishasogea, usifurahie na kuizungusha yote. Legeza robo, rudisha nusu ya robo, ongeza tone la mafuta, legeza tena. Kutu iliyovunjika imegeuka kuwa changarawe ndani ya nyuzi, na ukilazimisha njia moja itajikusanya na kuigandisha bolti katikati, mahali pabaya kuliko ilipokuwa.

Jifunze pia kusikiliza mkono. Bolti inayolegea hutoa mlio mkali kisha mzigo unapungua. Bolti inayokaribia kukatika huzunguka laini, kama inanyumbuka, bila mlio. Ukihisi ulaini huo, simama. Kinachozunguka ni kichwa, nyuzi bado zimetulia palepale.

Kwa skrubu na bolti za alenki zisizo katikati ya kitu dhaifu, bisibisi ya kugonga ni rafiki. Unaipiga kichwani kwa nyundo, nayo inasukuma ncha ndani na kuizungusha kwa pigo hilohilo, hivyo ncha haipati nafasi ya kuruka. Hakikisha tu umeiweka upande wa kufungua. Wengi huisahau ilipokuwa mara ya mwisho.

Joto, kwa kipimo

Hapa ndipo breki zinapotofautiana na sehemu nyingine za pikipiki. Kwenye chesisi unaweza kuchoma nati mpaka iwe nyekundu. Kwenye kalipa kuna mipira ya pistoni, na kuna mafuta ya breki, ambayo yanawaka moto yakimwagikia kitu chenye joto kali. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia digrii 205 za Selsiasi na DOT 4 kuanzia 230, na yaliyokaa muda mrefu yakivuta unyevu huchemka mapema zaidi. Alumini yenyewe huanza kupoteza ugumu wake kabla hata hujaona mabadiliko ya rangi.

Kwa hiyo anza na joto dogo. Bunduki ya hewa moto inatosha kwa bolti nyingi za kalipa, na kipimo rahisi ni tone la maji: likichemka papo hapo, umevuka digrii 100, jaribu kuzungusha sasa hivi alumini ikiwa imetanuka. Ikikataa, acha ipoe, paka mafuta ili yavutwe ndani na kupoa huko, urudie. Mizunguko ya kupasha na kupoza hufanya kazi zaidi kuliko moto mmoja mkubwa. Kumbuka tu kwamba mafuta ya kupenya nayo yanawaka, kwa hiyo futa yaliyobaki juu kabla ya kupasha tena.

Bolti za diski zinahitaji zaidi. Gundi ya nguvu ya kati hulainika kwa joto la wastani, ila ile ya nguvu kubwa huachia kwenye digrii 250 hivi. Toa gurudumu kwanza, kisha lenga moto kichwani mwa bolti moja tu, kwa muda mfupi, mbali na beringi na mpira wake wa kuzuia vumbi. Njia ya upole zaidi ni chuma cha umeme cha kuunganishia nyaya kwa risasi: kiegemeze ndani ya tundu la alenki dakika kadhaa, joto litashuka kwenye nyuzi bila kuchoma kitovu cha gurudumu. Kizima-moto au ndoo ya mchanga viwe karibu.

Zenye tabia zake

Nipeli ya kutolea upepo. Hii ndiyo inayokatika kuliko zote, kwa sababu ni bomba jembamba lenye nyuzi nje. Vua kofia yake ya mpira, safisha, paka mafuta ya kupenya chini yake na uyaache. Tumia soketi ya pembe 6, ya milimita 8 au 10 kwa pikipiki nyingi. Kabla ya kuzungusha, tafuta keekee inayoingia kwenye tundu la nipeli bila kuchezacheza, uitumbukize upande wa shina. Inaijaza ndani isiweze kusinyaa. Zungusha mbele na nyuma kwa vidole, usitumie mpini mrefu. Na kama kazi yako ni kubadilisha pedi tu, iache! Huihitaji leo. Fungua kifuniko cha masta silinda uangalie kiwango kabla ya kurudisha pistoni, maana mafuta yatapanda na yakifurika yatakula rangi ya tangi. Ila nipeli iliyoganda mara nyingi inaonyesha kwamba mafuta ya breki hayajabadilishwa kwa miaka, na watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka 2, kwa hiyo usiisahau moja kwa moja.

Pini ya pedi. Mara nyingi imefichwa chini ya kizibo chenye mfereji mmoja. Pini yenyewe inasukumwa na springi ya pedi, na mzigo huo unaifanya ionekane imekaza zaidi ya ilivyo. Bonyeza pedi kwa kidole gumba ili springi ilegee, wakati huohuo ukizungusha. Tundu likishalika, tafuta biti ya nyota ya pembe sita, Torx, kubwa kidogo kuliko tundu, uipige ndani kwa nyundo. Itachimba njia yake. Biti hiyo huenda isitoke tena kwenye pini, nayo pini utaitupa hata hivyo.

Pini za kutelezea kalipa. Hizi hazina nyuzi kila mara, lakini zinaganda kama bolti. Usizivute. Zizungushe kwanza kwa vaisigripu (koleo linalojifunga) au spana, kulia na kushoto, hadi zizunguke kwa uhuru, ndipo zitatoka. Usitumie mafuta ya injini wala grisi ya petroli kuzilainisha wakati wa kurudisha, kwani mipira yake huvimba. Grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki ndiyo inayofaa.

Skrubu za kifuniko cha masta silinda. Funika tangi na plastiki za karibu, zungushia chupa yake kitambaa, na uiweke masta silinda iwe sawa kwa kugeuza usukani. Pigo moja dogo juu ya bisibisi kwanza, kisha zungusha ukiegemea kwa uzito. Bisibisi ya kugonga itumie kwa nyundo ndogo tu, kwani kibanio kinachoishika hakikuumbwa kupigwa. Kichwa kikiisha, kitoboe kwa keekee nene kidogo kuliko skrubu mpaka kichwa kianguke. Inua kifuniko, lakini kiwambo cha mpira kilicho chini yake kiache mahali pake mpaka ufute kila unyuzi wa chuma. Kipande kilichobaki kitakuwa kimesimama wazi, na vaisigripu itakitoa bila taabu.

Breki ya ngoma. Nati ya kurekebishia kwenye fimbo hugandishwa na nyuzi zilizo wazi nyuma yake. Zisugue kwa brashi ya waya na uzipake mafuta kabla ya kugusa nati, la sivyo inapotembea itabeba kutu yote na kukwama. Kabla ya kutoa mkono wa breki, weka alama kwenye mkono na kwenye kamu yake, ile inayotanua viatu vya breki. Ekseli isiyotoka ipigwe kwa kipande cha shaba au mbao, nati ikiwa imerudishwa kwa vidole hadi usawa wa ncha ili nyuzi zisipondeke.

Kichwa kimeisha, au bolti imekatika

Kichwa kilicholika nje kikamatwe na vaisigripu iliyobanwa hasa, au kitengenezewe pande 2 bapa kwa tupa ili spana ishike. Kwa bolti ya diski, toboa kichwa kwa keekee yenye unene wa bolti, milimita 8 kwa bolti ya M8. Kichwa kikitoka, diski inatoka, mvutano unaisha, na shina lililobaki mara nyingi huzunguka kirahisi ajabu baada ya joto kidogo.

Bolti iliyokatikia ndani ni kazi ya subira. Sawazisha sehemu iliyovunjika, piga panchi katikati kabisa, toboa kwa keekee nyembamba kwanza. Keekee zinazokata kushoto ni bora, kwani mara nyingine zinaivuta bolti itoke zenyewe. Ekstrakta ile ya msokoto, ya kung'olea bolti iliyokatika, ninaiogopa kidogo. Ni chuma kigumu sana, na ikivunjikia ndani hakuna keekee ya kawaida itakayoitoboa. Ukiona inapinda bila bolti kusogea, ipashe kalipa joto au peleka kwa fundi mwenye mashine. Kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki hufanya kazi vizuri, ila kalipa iwe imetolewa, imemwagwa mafuta, na mipira yake imetoka. Nyuzi za alumini zikiharibika, zinaweza kuwekewa nyuzi za koili kwenye mguu wa shokapu. Kwenye kalipa iliyopasuka au iliyotobolewa pembeni, nunua kalipa.

Kurudisha

Bolti iliyokupa shida usiirudishe. Nunua ya daraja lilelile, tarakimu 8.8, 10.9 au 12.9 zikiwa zimechapwa kichwani. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinapendeza, lakini ile ya kawaida ya A2-70 ni dhaifu kuliko 10.9, na ndani ya alumini huendeleza ule unga mweupe.

Safisha nyuzi za tundu. Gundi ya nguvu ya kati kwenye bolti za diski kama mwongozo wa pikipiki unavyoagiza, grisi kidogo mno ya joto kali kwenye pini za pedi na nyuzi za nipeli, na washa (ringi bapa) mpya kwenye bolti ya banjo. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mwongozo. Nipeli kwa kawaida haizidi newton-mita (Nm) 10, na wengi huzikata wakati wa kukaza. Nyuzi zenye grisi hukaza zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo usiongeze "kidogo tu" mwishoni.

Pedi zilizolowa mafuta ya kupenya zitupe. Kuzichoma au kuziosha hakuziponyi. Diski ifute kwa dawa ya breki, iache ikauke. Kisha minya mkono wa breki mara nyingi mpaka uwe mgumu, ushikilie kwa nguvu dakika moja ukitazama kila kiungo kama kinavuja, na ujaribu breki kwa mwendo wa kutembea kabla ya kuingia barabarani.